Maji ya Arubaini

Saa kumi za usiku, muadhini hajakohoa bado,
Bi Mwanapau anagonga dirisha kwa fundo la kidole.
"Lali. Maji."
Hanisalimu. Tangu mtoto azaliwe
mimi si mkwe wa mtu, ni mpishi wa maji.

Kipupwe kimelalia kuta za mawe,
kimeingia hata ndani ya kandambili.
Wa bara wakiambiwa Siyu kuna baridi hucheka.
Waje saa hii, waje na mgongo mtupu.

Mafiga matatu. Kuni za mkandaa, ngumu kama deni.
Kifuu kwanza, kisha makumbi, kisha karara lililokauka.
Siku ya kwanza nilianza na gogo,
nikapuliza mpaka nikaona nyota zisizokuwepo.
Siku ya pili nikatia mafuta ya taa.
Bi Mwanapau akanusa sufuria, akamwaga yote mlangoni:
"Mzazi hakandwi kwa chemli."

Na maji yenyewe si ya hapa uani. Haya ni chumvi,
sabuni hukatika kama maziwa yaliyochacha.
Ya kukandia hutoka kisima cha juu, nusu saa kwa punda,
punda wa kuazima, aitwaye Waziri,
asiyesogea mpaka apewe chake.

Shemeji yangu Famau akaja na koili ya umeme
ndani ya mfuko wa nailoni.
"Zama hizi, Lali, nani hupuliza moto?"
Tukaitumbukiza ndooni, tukaiunga kwenye betri ya sola,
ile ya balbu mbili na simu za mtaa mzima.
Balbu zikapepesa kama mtu aliyepewa habari mbaya,
zikazima.
Simu za watu wanane zikalala njaa.
Famau aliondoka na boti ya asubuhi, hakuaga.

Siku ya kumi na mbili nikaanza kuyasikia.
Mwanzo hunyamaza, kama mgeni.
Kisha hukwaruza chini, ukucha kwenye bati.
Kisha huguna, na hapo majani ya mwarobaini huingia.
Ukingoja yaruke umechelewa.
"Haya ya pweza," atasema. "Ya mtu hujulikana kwa kiwiko."

Nyuma ya pazia nasikia kitambaa kikikamuliwa,
mkaja ukikazwa,
na Mwanatumu anatoa "aah" moja ndefu,
nusu maumivu, nusu mtu aliyetua mzigo.

Mama yangu, kipupwe cha mwaka ule, miguu imemvimba,
aliniomba maji ya vuguvugu.
Kopo moja tu, ya kujifutia.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mpira unaningoja uwanjani.
Nikamchotea ya mtungini. Nikamwambia, kesho.
"Si neno, mwanangu, hata haya yatatosha,"
akajifuta polepole, ananipa mgongo
nisimwone anavyotetemeka.

Kesho ilikuja.
Tulichemsha sufuria tatu.
Mwoshaji akasema tuyapoze kidogo,
maiti naye husikia.

Arubaini ilitimia Alhamisi.
Mtoto alinyolewa, akalia kwa hasira ya mtu mzima.
Mwanatumu akatoka uani, akalikunjia jua uso kama mdai.
Bi Mwanapau akapokea doti yake ya kanga na kilo mbili za sukari,
akalitazama jungu la majivu, akanitazama mimi,
akavaa viatu.

Ijumaa saa kumi hakuna aliyegonga.
Nilikuwa nimechutama pale pale, kifuu kimeshika.
Mwanatumu akatokeza, mtoto begani.
"Ya nani hayo?"
"Sijui," nikasema.
Yalikuwa yameanza kukwaruza.
Akainama, akatia kiwiko.
"Bado," akasema,
akavuta kibao, akakaa.